Sabufa Yetu na Siku Ishirini na Moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya vyombo vipya vya muziki vilivyoenea katika nyumba nyingi za huku kwetu Ngara na Biharamulo. Nawaandikia wanafunzi wenzangu kwanza, lakini nitafurahi iwapo wazazi nao watasoma, maana fedha za kununulia vyombo hivi ni zao, na makelele yake wanayasikia wao.

Nataka niseme wazi tangu mwanzo kwamba mimi si adui wa muziki. Wako watu ambao kila kitu kipya kwao ni upotovu wa vijana, nao husema hivyo hata juu ya viatu. Mimi simo katika kundi hilo. Kwa kweli sabufa niliipenda kabla Baba hajalijua jina lake, na ni mimi niliyemshawishi mpaka akainunua. Kwa hiyo haya nitakayoyasema nayasema juu ya nafsi yangu kwanza.

Ilikuwa mwezi wa Septemba 2024, baada ya mauzo ya kahawa. Nilikuwa nimeiona sabufa hiyo katika duka moja pale Benaco, nami nilikuwa nikipita dukani hapo kila siku ya gulio kuitazama tu. Ilikuwa nyeusi yenye kung'aa kama kiatu kipya, na mbele yake palikuwa na taa za rangi zilizocheza kwa kufuata mdundo. Ilikuwa na tundu la flashi, na tundu la memori kadi, na bluetooth, tena na rimoti yake ndogo. Juu ya boksi iliandikwa kwamba ina nguvu ya wati 5,000. Nilimwambia Baba kwamba nyumba isiyo na kitu kama hicho ni nyumba ya huzuni. Baba alicheka, akaenda akauliza bei, akarudi bila kucheka. Lakini wiki iliyofuata aliinunua, nami nikaipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Nyumba yetu iko bondeni, na umeme wa nguzo haujatufikia. Tunatumia sola. Kabla ya siku ile, juu ya kabati pale sebuleni ilikaa redio ya marehemu Babu, National ya zamani yenye masafa matatu na antena ndefu ya kuvuta, iliyofungwa kwa mpira mgongoni kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani. Babu alipofariki mwaka 2021 redio ile iliendelea kusema kwa muda, kisha betri zikaisha, na hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Sabufa ilipoingia, redio ilipelekwa stoo kando ya majembe. Mimi ndiye niliyeipeleka.

Basi tukaanza kuishi maisha ya fahari. Jioni ikifika vijana wa jirani wanakuja, flashi inachomekwa, taa zinacheza, na sisi tunacheza. Mama alilalamika kidogo kwamba hasikii mtu akibisha hodi. Hatukumjali.

Sasa nitaeleza jambo lililonifanya nishike kalamu. Januari 2025 nilikuwa nyumbani nikingojea matokeo ya Kidato cha Nne. Jumatatu, tarehe 20 ya mwezi huo, mchana alikuja mtu wa bodaboda na salamu za msiba. Shangazi yake Mama, aliyeolewa huko Biharamulo, alikuwa amefariki kwa uzee na maradhi ya siku nyingi. Watu wa huko walikuwa wamepiga simu ya Baba tangu Jumapili bila kuipata. Kitochi cha Baba kilikuwa kimezima, hakina chaji, na betri ya sola ilikuwa imekwisha usiku wa kuamkia siku ile katika kazi ya kuchezesha taa za rangi. Mama hakusema neno. Alianza kufunga vitu vyake.

Jioni ile jua lilikuwa limetoka vizuri, sola ilikuwa imejaa kidogo, na mimi, Mungu anisamehe, niliiwasha sabufa kwa sauti ya chini. Nilijiambia kwamba nyimbo za dini zitamfariji Mama. Zikaimba toka saa 1 mpaka saa 4 usiku. Alfajiri ya Jumanne Mama akaondoka, akapanda gari Benaco, akaenda zake msibani.

Kumbe siku ile ile ya Jumatatu, Rais wetu, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alikuwa ametangaza akiwa Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa katika Wilaya ya Biharamulo. Habari hiyo ilisomwa redioni usiku, wakati nyumbani kwetu zikiimba nyimbo za flashi.

Kwa wale wasioufahamu, Marburg ni ugonjwa wa virusi unaotoka kwa aina ya popo walao matunda, na mtu huuambukiza kwa mwenziwe kwa kugusana na damu au majimaji ya mwili wa mgonjwa, hata na maiti. Jina lake ni la mji mmoja wa Ujerumani, ambako ulitambuliwa mwaka 1967. Mkoa wetu ulikuwa umekwisha uonja mwaka 2023 huko Bukoba Vijijini, ukaua watu sita. Hauna chanjo iliyoidhinishwa. Na kila mtu anajua kwamba hapana mahali watu wanapogusana kuliko msibani.

Mama alitusimulia baadaye yaliyompata. Alifika jioni, amechoka, akamkuta wifi yake mlangoni, akampa mkono. Wifi akaurudisha mkono wake nyuma, akauweka kifuani. Mama akajiuliza, "Nimemkosea nini huyu?" Akaingia ndani, akaona wote wanasalimiana hivyo hivyo, kwa kuinama na mkono kifuani, na ndoo ya maji yenye dawa imewekwa uani. Yeye alidhani maji yale ni ya vyombo. Akaona kwamba ndugu zake wamekuwa watu wa kujivuna, au wamemkasirikia kwa kuchelewa. Basi kwa uchungu akamwendea dada yake akamkumbatia kwa nguvu, akalia begani kwake, na dada yake akasimama kama nguzo, mikono imelala pembeni, hajui amsukume au amwache. Tena akaenda kwa mwingine, na mwingine. Wao nao hawakumwambia kitu kwa muda, kwa kuwa haikuwaingia akilini kwamba yupo mtu mzima asiyejua jambo lililosemwa na Rais. Usiku ndipo mzee mmoja alipomwita kando akamweleza. Kisha akamwuliza, "Kwani ninyi huko kwenu hamna redio?"

Mama akajibu, "Tunayo, tena kubwa."

Alirudi Alhamisi. Sisi tulikuwa tumekwisha pata habari tangu Jumanne usiku, kwa sababu mzee wa mlimani juu ya nyumba yetu, ambaye redio yake haizimwi, alimwona Mama akipita na mzigo, na aliposikia amekwenda wapi akashuka na fimbo yake gizani kuja kutuuliza kama tumerukwa na akili. Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Sabufa ilikuwa pale mbele yetu, taa zake zimezimwa, na mzee yule aliitazama lakini hakusema kitu juu yake.

Mama mwenyewe ndiye aliyekataa kuingia ndani aliporudi. Alisimama uani akatuambia tusimkaribie. Siku za ugonjwa ule kujionyesha ni kuanzia mbili mpaka 21, na yeye alitaka zote 21 zipite. Baba alikwenda zahanati kuuliza, naye muuguzi akasema kwamba maadamu Mama hakugusa mgonjwa wala kuosha maiti, huenda hakuna neno, lakini tumwangalie, na homa ikianza tu tutoe taarifa upesi wala tusimbebe wenyewe. Basi Mama akalala katika jiko la nje. Sahani yake tuliitia alama ya msumari. Mimi nilikuwa nikimwekea chakula juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo yeye anatoka kukichukua. Mdogo wangu wa miaka mitatu alisimama mlangoni akimwita, na Mama akimjibu toka jikoni kwa kumwimbia, kwa sababu hakuweza kumbeba. Siku ya tisa aliamka na kichwa kinamwuma. Siku hiyo hakuna aliyekula nyumbani. Ilipofika jioni kichwa kikapoa, na yeye akasema kwamba ni moshi wa jikoni, akatucheka, lakini nilimwona Baba ameketi nyuma ya nyumba ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Siku 21 zikaisha salama. Tarehe 13 Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa umekwisha, baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya. Watu kumi walikuwa wamekufa huko Biharamulo, na wote waliohesabiwa kuupata walikufa. Hakuna hata mmoja katika ukoo wetu. Bahati hiyo sikuifanyia kazi.

Sasa wenzangu watasema kwamba kosa si la sabufa bali ni la mimi niliyeiwasha. Nakubali. Lakini nimekaa nikafikiri sana juu ya vyombo hivi, na ninaona kwamba lipo jambo moja ambalo wanunuzi wengi hatulitazami tukiwa dukani. Tunatazama taa, tunatazama ukubwa, tunasikiliza mdundo kama unatingisha kifua. Hatuulizi: chombo hiki kinasikia? Redio ni chombo chenye masikio. Hupokea habari ambazo hukuziomba, toka kwa watu usiowajua, nyingine hukutaka hata kuzisikia. Flashi haina habari. Hutoa kile tu ulichokitia mwenyewe, leo na kesho na keshokutwa. Mtu anayeishi na flashi peke yake ni kama mtu anayejiandikia barua, akaitia posta, akangojea kwa hamu kuisoma.

Mambo hayakuwa hivyo zamani. Babu alikuwa akitusimulia habari za redio mpaka tukachoka, nami sasa natamani ningemsikiliza zaidi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, lakini redio za wakati huo zilikuwa ghali, tena zilikula betri kubwa kama tofali. Huko Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 walitoa redio ya bei nafuu ya betri kwa ajili ya Waafrika, ya mviringo kama sufuria, na kwa hiyo Wazungu wakaipa jina la sufuria. Nayo bado ilikuwa pauni 5. Kilicholeta redio vijijini hasa ni transista, kile kidude kidogo kilichovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Redio ya kwanza ya transista ikauzwa huko mwaka 1954, na baada ya hapo Wajapani wakazifanya ndogo na rahisi. Hizo ndizo zilizofika kwetu, akina National na wenzake. Kwa hiyo redio ya mkononi nayo iliwahi kuwa chombo kipya cha fahari, na vijana waliibeba begani wakipita sokoni. Tofauti ni kwamba yule aliyeibeba alibeba na taarifa ya habari ndani yake, apende asipende.

Babu alikuwa kijana mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Kijijini kwao palikuwa na redio moja. Watu waliketi chini ya mti kuizunguka, mmoja wao ameshika kitabu, wakasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kando ya nyumba. Watu wapatao milioni mbili walishiriki nchini kote kwa namna hiyo. Babu alisema kwamba choo chake cha kwanza kilichimbwa na redio. Na mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia mkoani mwetu kaskazini ya mto Kagera, redio hizo hizo ndizo zilizomletea kila mtu sauti ya Mwalimu Nyerere usiku wa tarehe 2 Novemba. Babu alisema watu walikuja kwake hata wale aliogombana nao, kwa sababu ndiye aliyekuwa na betri mpya.

Nilipomweleza mzee wa mlimani fikira zangu hizi, nilidhani atanisifu. Alinipinga. Alisema, "Mjukuu wangu, usiisifu redio mno. Redio ndiyo iliyoua watu hapo ng'ambo." Na kweli sisi wa Ngara hatuhitaji kusoma kitabu ili kulijua jambo hilo. Kituo kile cha RTLM kilianza kusema Kigali mwaka 1993, kwa muziki mzuri na mizaha iliyopendwa na vijana, na mwaka 1994 kikawa kinawahimiza watu wawaue jirani zao. Waanzilishi wake wawili walihukumiwa na Mahakama ya Arusha mwaka 2003. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilayani kwetu, na pale Benaco ninapokwenda kutazama sabufa pakawa na kambi kubwa kuliko mji. Mzee huyu aliwaona. Anasema wengine walikuja hawana kitu mkononi isipokuwa redio.

Jibu lake sikulipata siku ile, na sina hakika kwamba ninalo zima hata sasa. Lakini naona hivi: mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilipotaka kuwasaidia watu wale, halikuwanyang'anya redio. Lilianzisha redio nyingine hapa hapa Ngara, Radio Kwizera, jina lenye maana ya matumaini, na mpaka leo tunaisikia. Mtu aliyesikia vituo viwili vitatu anaweza kupima maneno. Mtu aliyesikia kimoja tu hawezi, na asiyesikia chochote hana hata cha kupima. Mzee alinisikiliza, akasema, "Haya, mwanafunzi," akaongeza sauti ya redio yake.

Nirudi kwenye sabufa, maana yapo mambo mawili ya fizikia ambayo nataka wazazi wayajue kabla ya msimu ujao wa kahawa.

La kwanza ni hizo wati 5,000. Nilipokwisha kujifunza vizuri hesabu za umeme niliigeuza sabufa yetu nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Yamesema volti 12, ampea 2. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anajua kwamba volti mara ampea ni wati, na 12 mara 2 ni 24. Basi zile 4,976 nyingine zipo kwenye boksi tu. Pasi ya umeme hula wati 1,000 hivi. Sabufa ya wati 5,000 za kweli ingekuwa kama pasi tano kwa pamoja, na sola yetu ya wati 50 ingekufa kwa hofu. Lakini hata hizo 24 si kidogo kwa nyumba kama yetu. Betri yetu ya volti 12 ina ampea 20 kwa saa, yaani wati-saa 240, na betri za namna hiyo zikinyonywa kupita nusu huharibika upesi. Kwa hiyo tunazo 120 za kutumia. Sabufa ikiimba kwa nguvu zake zote saa tano, imezimaliza. Kitochi cha Baba kinataka wati-saa nne tu ili kijae. Tulimnyima chake kidogo huyu aliyekuwa atuletee habari za msiba, tukampa mlaji mkubwa.

La pili ni antena. Nitasema kweli: sabufa yetu ina redio ndani yake. Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini nilipoibonyeza ilikoroma tu, au ikashika kituo cha ng'ambo kwa mbali, nami nikasema redio yake ni mbovu, nikarudi kwenye flashi. Haikuwa mbovu. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga, hayapindi mlima, na huku kwetu mlima hauko mbali na mlango wa mtu yeyote. Aliye juu husikia, aliye bondeni hukorofishwa. Tena nyumba ya bati huyazuia zaidi, na waya wa antena wa sabufa ni kijiuzi kifupi kinachoning'inia nyuma, ndani ya bati hilo hilo. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, na antena nzuri kwake ni robo yake, yaani sentimita 75. Likizo ya Desemba nilikata waya wa shaba wa urefu huo, nikausimamisha juu ya mti mrefu nje ya nyumba, nikauunganisha kwa waya mwingine mpaka kwenye kile kijiuzi. Gharama yake haikufika hata bei ya soda tatu. Sabufa ikasema kwa sauti safi, na Baba akatoka nje kuutazama mti ule kana kwamba ndio unaosema.

Juu ya spika za masikioni, ambazo wengi tunaziita iafoni, nitasema machache tu, kwa sababu wengi wenu mtanikasirikia. Tangu kampuni ya Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979, kijana anaweza kutembea ndani ya muziki wake peke yake, na sasa hata waya hauonekani. Ndani ya sikio zimo seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, nazo zikifa hazioti tena, si kama nywele za kichwani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezwa huupunguza muda huo kwa nusu. Anayeziba masikio barabarani, malori yanapoteremka toka Rusumo, simwombei dua, namwomba azitoe.

Mwisho nina ombi kwa Bwana Mkuu wa Shule na walimu wetu. Sheria ya kutukataza simu shuleni ni nzuri, nami siipingi. Lakini tazameni matokeo yake: mamia ya vijana tunaishi hapa miezi mitatu mitatu bila kusikia neno la dunia, wengine wakitoka Ngara, wengine Biharamulo, na wazazi wao wako huko. Lau ugonjwa ule ungetokea muhula ukiwa katikati, tungeambiwa lini? Katika bwalo letu ipo spika kubwa inayotolewa stoo siku ya mahafali peke yake. Naomba iunganishwe na redio saa 2 usiku kwa ajili ya taarifa ya habari. Najua kwamba saa hiyo ni prepu. Dakika ishirini hazitatufelisha, na kama zinaonekana nyingi, basi kiranja mmoja asikilize, aandike muhtasari ubaoni kabla ya kulala. Mimi niko tayari kuianza kazi hiyo, na waya wa sentimita 75 ninao.

Nyumbani, redio ya Babu imetoka stoo. Fundi wa Benaco aliisafisha, akaitia kifuniko cha betri kisichofanana nayo, nayo sasa inakaa dirishani kwa ajili ya siku za mawingu. Sabufa bado iko mahali pake, na bado tunacheza. Lakini rimoti anayo Mama. Ikifika saa 2 kasoro robo usiku anainuka, anachomoa flashi, anaifunga katika pindo la kanga yake, na haitoi mpaka habari za michezo ziishe.

Wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Juu